Kijiji cha watumwa: akiolojia ya jaa na mashimo ya nguzo

Mgeni akifika Pangani huonyeshwa majumba ya mawe na milango ya nakshi. Watumwa waliolima mashamba ya miwa kando ya mto katika karne ya 19 hawakulala humo. Walilala kwenye nyumba za fito zilizokandikwa udongo na kuezekwa makuti, na nyumba ya namna hiyo ikiachwa haikawii kuanguka. Akiolojia ya kijiji cha watumwa ni elimu ya kuzitafuta nyumba hizo ardhini, pamoja na mafiga, majaa na makaburi ya waliokaa humo.

Nguzo ikioza huacha duara la udongo mweusi kuliko wa kando yake. Maduara hayo yakichorwa kwenye ramani, chumba huanza kuonekana. Ila utamu wote uko jaani: vigae vya vyungu, miiba ya samaki, shanga zilizokatika uzi. Daftari la bwana huandika watumwa ni wangapi na wamenunuliwa kwa bei gani. Jaa husema walikula nini jioni na walipikia chungu cha wapi. Mimi naliamini jaa kuliko daftari.

Katika kisiwa cha Barbados, kwenye shamba la miwa la Newton, makaburi ya watumwa yalichimbwa miaka ya 1970. Mzee mmoja alikutwa amezikwa na mkufu wa simbi, shanga na meno ya mbwa. Shambani alikuwa wa kuhesabiwa tu. Waliomzika walimjua ni nani.

Kwetu kuna fumbo jingine: utajuaje hiki ni kijiji cha watumwa au cha watoro? Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi, na waliotoroka wakaanzisha makazi Kikogwe, kusini mwa mto. Fito ni zilezile, na vyungu huenda vikawa vilevile. Hapo inabidi kuangalia mpangilio: je, nyumba zilikaa mahali ambapo nokoa, yaani msimamizi wa watumwa shambani, angeziona zote, au zilijificha na kuzungushiwa boma?

Kisha mwaka 1893 Wajerumani wakapanda mkonge hapohapo Kikogwe. Kigae kinachookotwa juu ya udongo huko chaweza kuwa cha mtoro, chaweza pia kuwa cha kibarua wa mkonge, na ndiyo sababu mchimbaji hupima kina cha kila kitu kabla hajakiondoa kilipolala.