Jiko lililala wapi?

Baridi ikianza, hospitalini kwetu huanza kuja wagonjwa wa aina moja: baba, mama na watoto, wote kichwa kinauma, wote wametapika, wote wameamka hivyo. Wao huwa wanakilaumu chakula cha jana. Zamani nami nilianza kwa kuuliza walikula nini. Siku hizi nauliza kwanza, "Jiko lililala wapi?"

Sumu ya jiko ni nini hasa?

Ni hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hutokea kuni, mkaa au makaa ya mawe yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia mapema.

Mimi huwasha jiko nje, nasubiri mkaa ukolee na moshi uishe, ndipo naliingiza chumbani. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni ule ule. Kila ninayemuuliza ananijibu hivi, tena kwa kujiamini: "Lakini halikuwa na moshi!" Moshi ni kitu kingine na sumu ni kitu kingine. Mkaa mwekundu usiotoa moshi hata chembe unaendelea kutoa kaboni monoksidi mpaka uzimike kabisa. Afadhali hata moshi, maana unakuwasha macho ukakimbia.

Na kuufunika mkaa kwa majivu ili udumu hadi asubuhi? Hapo umeunyima hewa, na mkaa ulionyimwa hewa ndio unaotoa sumu.

Nikiacha dirisha wazi kidogo?

Kwa kulala, hapana. Upenyo wa vidole viwili si kinga. Bakuli la maji kando ya jiko si kinga pia. Maji hayanyonyi sumu hii. Kama huna budi kupikia ndani, fungua mlango na dirisha, na uwe macho.

Nitajuaje kama imenipata?

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, akili kuvurugika. Hufanana na mafua, ila kwa kawaida hakuna homa. Mkiumwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, au ukipata nafuu kila unapotoka nje, shuku jiko.

Kichwa kikianza kuuma usiku, si ninywe dawa ya maumivu nilale, asubuhi nione?

Hapana. Usilale. Naomba hili lieleweke hata kama mengine yote yatasahaulika: usilale. Mama mmoja alimeza vidonge viwili akajifunika tena, chumba kile kile, jiko lile lile. Alipotaka kuamka, miguu ilikataa. Alitambaa, akafika mlangoni, mkono haukufika kwenye komeo. Aliokolewa na jirani aliyesikia akigonga mlango kwa kiwiko.

Ukihisi dalili, toka saa hiyo, toa na wenzako, kisha nendeni hospitali usiku huo huo. Si asubuhi.

Tumpe maziwa aliyezidiwa?

Msimpe. Maziwa hayaondoi sumu iliyo kwenye damu, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa yakaingia mapafuni. Fungueni mlango, mtoeni nje, tafuteni usafiri. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, sumu hupungua nusu kwa takriban saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi ya barakoa, takriban saa 1 na nusu. Mkianza na maziwa, mnakula muda wake.

Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilisoma asilimia 98. Si nimepona?

Kipimo hicho cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Kinaweza kusoma vizuri na wewe unazidiwa. Kwa hiyo mkifika tu, semeni kulikuwa na jiko chumbani. Wengine wanaona aibu kusema, nasi tunabaki tukitafuta ugonjwa mwingine.

Nilitoka nje nikajisikia vizuri. Bado niende?

Nenda. Mjamzito asisubiri hata kidogo, kwa sababu mtoto tumboni huweza kuumia kuliko mama anavyojihisi. Halafu kuna wanaoonekana wamepona, kisha baada ya siku au wiki kadhaa wanaanza kusahau, kubadilika tabia au kutembea vibaya.

Na jiko la kuni lenye bomba la moshi?

Hilo ni bora, likitunzwa. Tumia kuni kavu, safisha masizi bombani angalau mara moja kwa mwaka, na usizibe bomba wakati makaa bado ni mekundu. Funga kengele ya kutambua kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala. Majivu yatoke nje kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Huweza kuficha moto kwa siku kadhaa.

Sasa baridi tutaifanyaje?

Oteni moto jioni, mlango wazi, watu wakiwa macho. Jiko litoke kabla mtu wa kwanza hajapanda kitandani, wala si "nitalitoa baadaye kidogo." Likishatoka, acheni chumba kipigwe na hewa kwanza. Kisha blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.