Mkono kufa ganzi usiku: yasemwayo na yaliyo kweli

"Ni upepo wa feni." Msimu wa kaskazi Mombasa feni haizimwi, basi lawama zote huiangukia. Feni haina kosa. Ganzi huletwa na mshipa wa fahamu uliobanwa: umeulalia mkono, umekunja kiwiko, au kiganja kimepinda chini ya mto.

"Damu imekatika." Shika mkono wenyewe: una joto, na mapigo chini ya gumba yapo. Ule mchomochomo unaofuata ukigeuka ni mshipa wa fahamu unaoamka, na huisha kwa dakika chache.

"Ganzi ni ganzi tu." Hapa ndipo wengi hupotea. Kabla hujaukung'uta mkono, angalia ni vidole gani. Gumba, cha shahada na cha kati: mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata sana wajawazito, wenye kisukari, na wanaoshinda wakishona au kukanda unga wa mahamri. Nunua splinti ya kifundo, yaani kishikizo cha kuvaa mkononi, ile yenye bamba ndani, uivae kila usiku kwa wiki 6. Kifundo kikae kimenyooka. Wengi huiacha imekiinamisha nyuma, na hapo mshipa unazidi kubanwa. Kikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, tatizo huwa kiwikoni: zungushia taulo kiwiko, ufunge kwa ulegevu, ili kisikunjike usingizini. Anayelala ubavu akumbatie mto, mkono ulale juu yake.

Ganzi ikishuka kutoka shingoni ukigeuza kichwa, splinti haitakufaa kitu; shingo ndiyo ya kupimwa.

"Chomwa sindano ya vitamini B." Itasaidia ikiwa B12 imepungua kweli, kama inavyowatokea baadhi ya wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka. Pima kwanza. Vidonge vya B6 vya nguvu, vikimezwa miezi na miezi, vyenyewe huharibu mishipa ya fahamu.

"Itaisha asubuhi." Mkono ukilegea ghafla, uso ukapinda upande au maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi: hospitali saa hiyohiyo, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Na ganzi ya mchana kutwa, vikombe vinavyoponyoka, au nyama ya chini ya gumba inayonywea, ni za daktari wiki hii. Nyama hiyo ikishaisha, hata upasuaji wa kuufungulia mshipa nafasi huenda usiirudishe.