Je, wajua kwa nini kamba ya chelezo cha kuokolea hufungwa kwenye kitanzi kinachokatika?

Kando ya sitaha ya meli kubwa utaona mapipa meupe yamelazwa juu ya vitako vya chuma. Ndani ya kila pipa mna chelezo cha mpira kilichokunjwa pamoja na mtungi wa gesi. Nje inachomoza kamba moja tu, nayo ina kazi mbili zinazopingana: kuufungua mtungi, kisha kukiachia chelezo kisizame na meli.

Kamba yenyewe ni imara. Kwa chelezo cha watu 9 hadi 25, kanuni za kimataifa zinataka ihimili mvuto wa kilonyutoni 10, yaani kama uzito wa tani moja. Wakizidi 25, kilonyutoni 15. Urefu wake ni umbali wa kutoka pipa lilipo hadi majini, meli ikiwa nyepesi kabisa, ukiongeza mita 10, na kwa vyovyote usipungue mita 15. Pipa lililo mita 12 juu ya maji linahitaji kamba ya mita 22.

Kinachokatika ni kitanzi chembamba kinachoiunganisha kamba na meli. Meli ikizama, kabla ya kina cha mita 4 shinikizo la maji huamsha kifaa cha kufyatua, ambacho kwa kawaida kisu chake kidogo hukata kamba fupi inayoshikilia mkanda wa pipa. Pipa linaelea, meli inaendelea kushuka, kamba inachomoka mpaka mwisho na kuufungua mtungi. Chelezo kikishajaa, hakivutiki tena chini kwa urahisi. Mvuto ukifika kati ya kilonyutoni 1.8 na 2.6, yaani kama uzito wa kilo 220 hivi, kitanzi kinakatika.

Kosa baya ni kuifunga kamba moja kwa moja kwenye kitako cha chuma. Kwa macho inaonekana imekazwa vizuri kweli, lakini kitanzi hakina kazi tena na chelezo kitazama na meli. Kamba isipofungwa popote, pipa litaelea bila kufunguka. Kwa hiyo ukikagua, ifuate kamba kwa kidole kuanzia kwenye pipa: lazima ipite kwenye kitanzi kabla ya kufika kwenye chuma. Soma pia tarehe ya kifaa hicho cha kufyatua, kwani vingi vya kutumika mara moja huisha muda miaka 2 baada ya kufungwa.

Chelezo kikitupwa kwa mkono huku meli ikiwa bado inaelea, kitanzi huwa hakijakatika. Kamba ni lazima ikatwe, na ndiyo maana kisu kisichokunjwa, chenye mpini unaoelea, huwekwa mfukoni nje ya turubai linalokifunika chelezo, karibu na pale kamba ilipofungwa.