Kiongozi wa Jangwani Hafinyangwi Hotelini

Kila bajeti mpya inapofika, maafisa wa kaunti na watu wa mashirika huniuliza: tuwafundishe nini vijana wa Marsabit, kaunti ya kaskazini mwa Kenya, ili wawe viongozi wa jamii zao? Nami huwarudishia swali: mtawafundishia wapi? Mara nyingi jibu ni ukumbi wa hoteli mjini, siku tatu, daftari, cheti na posho. Wanaotoka humo huwa wamejua kuandika andiko la mradi. Kuamua jambo mbele ya watu wenye kiu ni kazi nyingine kabisa.

Marsabit ni kubwa. Unganisha Rwanda na Burundi, bado hazifikii eneo lake, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 459,785 tu. Kuna Jangwa la Chalbi, kuna mlima wenye msitu na ukungu, kuna ufuo wa Ziwa Turkana. Wagabra na Warendille hufuga ngamia nyikani, Waburji hulima, Waelmolo ni wavuvi, na bado sijawataja Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wadassanach na Wasakuye. Kila jamii ina njia yake ya kumpata mtu wa kusikilizwa, na mtaala mmoja uliotungwa Nairobi hauwezi kuwatosha wote.

Chukua kisima kirefu cha Waborana wakati wa kiangazi. Vijana wamesimama ndani ya shimo mmoja juu ya mwingine, ndoo zinapanda mkono kwa mkono, wimbo unashika mwendo. Juu, maji yanamiminwa kwenye birika la udongo, na ng'ombe waliokaa siku mbili bila kunywa wanasukumana. Mwenye kisima, yaani aliyekichimba au mrithi wake, huitwa konfi, lakini zamu za kila siku hupangwa na abba herega. Huyu hubeba mambo mengi kichwani: mifugo ya nani ilikunywa juzi, nani ametoka mbali mno, familia gani ilituma mtu kuzoa tope na ipi ilijificha. Mgeni hanyimwi maji, ila haruki foleni. Abba herega akikosea, lawama humfikia kabla ya jua kutua, tena kutoka kwa watu atakaoonana nao kesho. Kijana aliyeshika ndoo hapo kiangazi kizima hupata somo la haki ambalo mimi na projekta yangu hatuna.

Kwa Warendille shule hiyo ni naabo, uga wenye ua katikati ya makazi, ambako wazee hukutana jioni kuomba na kuzungumzia malisho, ndoa na magomvi. Waborana wana mfumo wa Gadaa, ulioingizwa kupitia Ethiopia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, na ndani yake kiongozi hukaa miaka minane kisha humwachia mwingine. Wanasiasa wetu wangefaidika kuuchungulia.

Hata hivyo tusiipambe mila. Wanawake hawaketi kwenye naabo, wala vijana hawasemi mbele ya wazee wanapotaka. Azimio la Modogashe la 2001, ambalo liliwasaidia sana watu wa kaskazini kukaa mezani baada ya mauaji, lilipanga fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitambua njia za kienyeji za kusuluhisha migogoro, lakini kwa sharti kwamba zisivunje haki za kimsingi. Kiongozi tunayemtafuta lazima azijue pande zote mbili: asimame mbele ya wazee akaeleza kwa nini nusu ya fidia haikubaliki, na asimame mbele ya hakimu akaeleza kwa nini mzozo wa kisima haufai kukaa mahakamani miaka mitatu.

Mfano bora ninaoujua unatoka kaunti jirani, Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wasomali zilikuwa zinauana, na ugomvi ukaingia hadi sokoni. Wanawake wachache wa koo tofauti, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia hapohapo sokoni: wakaweka watu wa kuangalia kwamba mwanamke yeyote anauza na kununua bila kuulizwa ukoo. Baada ya hapo wakawaendea wazee, na mzee wa ukoo mdogo akapewa kazi ya kuwakutanisha wale wa koo kubwa. Mwaka 1993 wazee walitia saini Azimio la Al Fatah. Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Hakuwa chifu wala mzee wa ukoo. Alijua tu pa kuanzia, na alijua ni nani awatangulize mbele ili neno lisikataliwe.

Marsabit nayo ilifika huko kwa gharama kubwa. Mauaji ya kijiji cha Turbi, katika ugomvi wa Waborana na Wagabra, yalitokea Julai 2005. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege iliyobeba viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha ilianguka karibu na mji wa Marsabit, wakafa watu 14, akiwemo mbunge wa North Horr, Bonaya Godana. Wagabra na Waborana walikuja kukubaliana masharti ya amani mwaka 2009, katika Azimio la Maikona na Walda, baada ya vikao vilivyofanyika vijijini kwao. Kikao cha namna hiyo ndicho mahali pa kumleta kijana, hata kama kazi yake kwa sasa ni kuandika kumbukumbu na kunyamaza.

Kuna jambo linalowasumbua wazee wetu, na nitalisema wazi. Mabaraza ya wazee yameingizwa kwenye kura. Mwaka 2013 muungano wa ReGaBu, yaani Warendille, Wagabra na Waburji, ulishinda ugavana, na tangu hapo mzee akimwidhinisha mgombea huyu, yule aliyekosa hatamwamini tena akija kuamua mpaka wa malisho. Sidhani mtu anaweza kuwa mwamuzi na mpiga debe kwa wakati mmoja. Programu yoyote ya kulea viongozi wa utamaduni inapaswa kuwaambia hivyo siku ya kwanza.

Kuhusu utamaduni wa jukwaani sina mengi. Tamasha la Loiyangalani lililoanza mwaka 2008 ni zuri, watu hukutana na kucheza. Lakini lugha ya Waelmolo imeshatoweka vinywani, wenyewe wakahamia Kisamburu, na ngoma za mara moja kwa mwaka hazingezuia hilo. Anayeketi na bibi mmoja wiki baada ya wiki akirekodi majina ya samaki na ya aina za upepo wa ziwani ni kiongozi wa utamaduni, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti.

Ardhi ndiyo itakayowapima hawa vijana mapema zaidi. Mradi wa umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, wenye mitambo 365, ulipewa ekari 150,000, na mwaka 2021 mahakama mjini Meru ikaamua kwamba hati zake zilitolewa kinyume cha sheria. Wenyeji walikuwa wamefungua kesi tangu 2014. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kusajili ardhi yake na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na maamuzi ya mkutano wa jamii yanahitaji thuluthi mbili ya wanachama wawepo. Kwa wafugaji wanaohama, thuluthi mbili si mchezo: tarehe ikiwekwa wakati mifugo iko mbali, mkutano hautimii, au hutimia kwenye karatasi tu. Ikiwa kamati ya kwenu imeshachaguliwa, nenda kaombe kumbukumbu za kikao hicho, uhesabu waliohudhuria, uangalie wanawake walikuwa wangapi na waliokuwa malishoni waliarifiwa kwa njia gani.