Kufupisha koili ya jiko hakupunguzi matumizi ya umeme

Baridi ya Julai ikishika Uyole na Mwanjelwa, jijini Mbeya, majiko ya koili huwaka kutwa. Koili ikikatika, wengi huiunga kwa kuifupisha, wakiamini koili fupi hula umeme kidogo. Sivyo, na imani hii inanitia hofu.

Gawanya volti kwa ampea (kipimo cha mkondo wa umeme), upate ukinzani, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme kupita; zidisha volti kwa ampea, upate wati. Kwenye volti 230, koili inayopitisha ampea 5 ina ukinzani wa omu 46 na hula wati 1,150. Ikate nusu: ukinzani hushuka hadi omu 23, mkondo hupanda hadi ampea 10, nazo wati hufika 2,300. Uniti za Luku zitakwisha upesi, na waya mwembamba wa ukutani unaweza kuungua. Nunua koili mpya yenye wati zilezile za koili ya awali.