Mwingiliano usiofikia 0.05: dhana na ukweli

Dhana: p imezidi 0.05, basi mwingiliano haupo.

Mwingiliano ni pale athari ya kitu kimoja inapotegemea kingine; p ni uwezekano wa kupata matokeo kama haya au makubwa zaidi ikiwa kweli hakuna athari, na 0.05 ndiyo mpaka uliozoeleka. Hapa ndipo makosa mengine yote yanapozaliwa. Tuseme unapima kama umri unabadilisha nguvu ya dawa ya shinikizo la damu. Programu inakupa mgawo wa mwingiliano, yaani kiasi athari ya dawa inavyobadilika, −0.4 kwa kila miaka 10; mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani thamani zinazoendana na data, ni −1.1 hadi 0.3, p ni 0.26. Wengi huandika "hakukuwa na mwingiliano" na kufunga ukurasa. Lakini itazame mipaka hiyo: sifuri imo, na −1 nayo imo. Data haijakataa, imeshindwa kuamua tu. Andika namba na mipaka yake, kisha useme wazi kwamba swali halijajibiwa.

Wala kushindwa huko si ajabu. Katika jaribio la makundi manne yenye idadi sawa (vijana na wazee, wenye dawa na wasio nayo), kosa sanifu la mwingiliano, yaani kipimo cha kuyumba kwa makadirio, ni mara mbili ya lile la athari kuu, yaani athari ya dawa kwa wastani wa wote. Mwingiliano ukiwa nusu ya athari kuu, utahitaji sampuli kubwa mara 16 ili uugundue kwa uwezekano uleule. Nani anayo?

Dhana: kwa vijana p ni 0.03, kwa wazee 0.12, kwa hiyo dawa inafanya kazi kwa vijana tu.

Hapana. Tofauti hupimwa yenyewe, na kipimo chake ndicho mwingiliano. Wanatakwimu Andrew Gelman na Hal Stern waliliandikia hili makala nzima mwaka 2006.

Dhana: mwingiliano usio muhimu kitakwimu hauchorwi.

Kama ulikuwa kwenye mpango wa utafiti, uchore. Ila mistari miwili mitupu, mmoja wa waliopewa dawa na mmoja wa wasiopewa, hudanganya: ikikatana tu, msomaji keshaamini. Mimi hupenda kuchora mstari mmoja, yaani tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa kadiri umri unavyopanda, na kivuli cha mipaka ya uhakika kuuzunguka. Mgonjwa mkubwa kuliko wote akiwa na miaka 65, mstari uishie hapo.

Dhana: ukiuondoa mwingiliano kwenye modeli, mengine hubaki vilevile.

Mwingiliano ukiwemo, mgawo wa dawa ni athari yake kwa mtu mwenye umri wa sifuri, yaani mtoto mchanga! Ukiutoa, mgawo huo unakuwa athari moja kwa umri wote. Ukiuacha ndani lakini ukapunguza umri wa wastani kutoka umri wa kila mtu, unarekebisha tafsiri ya mgawo wa dawa: sasa ni athari kwa mtu wa umri wa wastani. Mgawo wa mwingiliano na p yake havisogei hata kidogo.