Saa Imesema Hatua 212, Mama Ametembea Zaidi ya Hizo

"Daktari, mwambie mama ukweli. Mazoezi hafanyi." Kijana akanisogezea simu: hatua 212 tangu asubuhi, kwa mujibu wa saa janja iliyo mkononi mwa mama yake. Mama, aliyepatwa na kiharusi miezi minne iliyopita, akainamisha uso kama mtoto aliyeshtakiwa kwa mwalimu. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno hapa Nairobi, na yananiuma kila mara, maana anayeadhibiwa ni mgonjwa.

Watu wanaamini saa janja ilishapimwa ilikotengenezwa, basi inachosema ni kweli. Ilipimwa kwa nani? Saa ya mkononi haioni mguu. Inahisi mkono unavyopunga, kisha programu inakisia hatua. Mkono wa mama huyu umeshika fremu ya kutembelea, haupungi. Tena mwendo wake ni wa taratibu, na hatua za taratibu saa huzikosa kwa urahisi: mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, ilhali wagonjwa wangu wengi hawafiki 0.8.

Nikamwinua, tukatembea kwenye korido, mimi na kijana tukihesabu kwa sauti. Tulihesabu hatua 60. Saa iliongeza 9. Nikaivua, nikaifunga kwa bendeji kwenye kifundo cha mguu wake usioathiriwa na kiharusi, tukarudia: sisi 60, saa 54. Kijana alinyamaza, kisha akamshika mama yake bega.

Huko ndiko kupima kifaa: unakilinganisha na kitu unachokijua, kwa mtu mwenye ulemavu uleule, mahali atakapokitumia. Fanyeni hivyo nyumbani kabla ya kumgombeza mzee. Mimi hutaka zaidi daftari kando ya kitanda: leo ameinuka kitini mara ngapi bila kushikwa? Hilo hakuna saa iliyowahi kuniambia vizuri.

Wengine huniambia kifaa cha kubana kidole, kinachopima oksijeni ya damu, hakikosei. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kuwa kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 kuliko kwa Wazungu. Mgonjwa akihema kwa shida, mpelekeni hospitali hata kikisoma asilimia 94.

Na kwamba bila intaneti hakuna teknolojia ya afya? Jaribio la WelTel, la kuwafuatilia wagonjwa kwa meseji za simu, liliandikisha wagonjwa 538 wa virusi vya ukimwi, Nairobi na Kajiado, kati ya 2007 na 2008. Kila wiki nusu yao walitumiwa meseji ya neno moja: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida", na mwenye shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Baada ya mwaka, waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa meseji. Simu za kawaida kabisa, lakini upande wa pili alikuwapo mtu.

La mwisho ni hofu kwamba ukishiriki jaribio umegeuzwa panya wa maabara. Mtafiti lazima awe na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje. Uliza. Na kama fomu ni ya Kiingereza ilhali mama anasoma Kiswahili, dai ya Kiswahili kabla kidole gumba hakijagusa wino.